Mto Songwe na Kifungu cha 1861

Isongole, wilayani Ileje, imekaa mpakani na Malawi. Barabara ya Mpemba humfikisha msafiri Tunduma, lango la Zambia. Katika kona hii ya nchi tatu, mimba isiyotakiwa ina historia ambayo mijadala yetu huipita haraka mno.

Nchi zote tatu zilirithi kwa Waingereza katazo lenye asili katika sheria yao ya 1861. Kanuni za Adhabu za Tanzania Bara na Malawi zinafanana hata kwa tarakimu: miaka 14 kwa anayemtoa mwanamke mimba, 7 kwa mwanamke mwenyewe, 3 kwa anayempa dawa au vifaa. Mlango ulioachwa ni upasuaji wa kuokoa uhai wa mama. Anayevitetea vifungu hivi kwa jina la mila zetu, basi, anatetea Bunge la zama za Malkia Victoria.

Serikali zilizofuata hazikwenda njia moja. Dar es Salaam ilikuwa na chama cha uzazi wa mpango tangu 1959, kilichokuja kuwa UMATI. Ng'ambo ya Songwe, Banda aliipiga marufuku huduma hiyo, hadi 1982 ilipolegezwa. Uingereza ilibadili sheria yake 1967. Zambia ikafuata 1972, ikiruhusu hata hali ya maisha ya mama izingatiwe (ila inadai saini za madaktari watatu, na kijijini hata mmoja ni wa kutafutwa).

Tanzania iliridhia Itifaki ya Maputo mwaka 2007, inayotambua haki ya aliyebakwa kutolewa mimba kitabibu. Vifungu vile vya adhabu vingalipo.