Nguvu za Mwanamalundi zilitoka wapi?

Wanaopenda hadithi za kufikirika wana swali moja wasilochoka nalo: katika dunia hii ya mwandishi, nguvu za uchawi zinatoka wapi? Kwenye vitabu vya Harry Potter, mtu huzaliwa nazo. Kwenye visiwa vya Earthsea vya Ursula Le Guin, nguvu ziko katika kujua jina la kweli la kitu. Jibu likishapatikana, mengine yanafuata: nani atakuwa na nguvu, atalipa nini, na nani ataweza kumzuia.

Mimi nimekulia Shinyanga, na swali hilo nililisikia kabla sijajua kwamba kuna vitabu vya namna hiyo. Kwetu liliulizwa hivi: Mwanamalundi alizipata wapi?

Kwa ambaye hajamsikia, Mwanamalundi, au Igulu Bugomola, alikuwa mcheza ngoma maarufu wa Kisukuma aliyeishi enzi za Mjerumani na za Mwingereza. Masimulizi yanasema akiunyooshea mti kidole, mti unakauka. Nilipokuwa mdogo niliwauliza wazee, nikapewa majibu matatu. Mmoja alisema alizaliwa hivyo. Mwingine, kwamba alipewa dawa na waliomtangulia kwenye ngoma. Wa tatu akasema ni masamva, yaani mizimu ya ukoo, ndiyo iliyomchagua.

Kama mti ulikauka kweli au la, hilo siliamui hapa. Mimi nasoma historia, na kinachonivutia ni hayo majibu yenyewe, kwa sababu majibu hubadilika na wakati. Na huku kwetu, badiliko moja limeua watu.

Nguvu ya kukabidhiwa

Tuanze na mtemi. Mwaka 1951 Hans Cory, Mwaustria aliyekuwa mtaalamu wa jamii wa serikali ya Tanganyika, alichapisha kitabu kidogo kiitwacho The Ntemi, kuhusu mazishi, uteuzi, kutawazwa na nguvu za kiganga za mtemi wa Kisukuma. Mtemi alitarajiwa kulinda mashamba na kuhakikisha mvua inanyesha. Lakini nguvu hizo hazikuwa mali yake binafsi. Zilitoka kwa waliomtangulia, zikapita kwenye sherehe za kutawazwa, mikononi mwa wazee waliojua siri za utemi. Wazee haohao waliweza kumwondoa. Mvua ikigoma, mtemi ndiye aliyeulizwa.

Kwa hiyo nguvu ilikuwa na mlolongo: mizimu, wazee, mtemi, watu. Kila aliyeishika alikuwa na wa kumjibu.

Kwenye ngoma hali ilikuwa hivyohivyo kwa kiasi kikubwa. Vyama viwili vikubwa vya ngoma vya Wasukuma, Bagika na Bagalu, vilishindana baada ya mavuno, na bado vinashindana. Viwili vinacheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na anayevuta watu wengi zaidi ndiye mshindi. Waasisi wao, Ngika na Gumha, wanakumbukwa kama waganga. Manju, yaani kiongozi wa ngoma, alitumia dawa za mvuto, lakini dawa hiyo ilikuja na chama, mwalimu, miiko na nyimbo za kujifunza. Halafu ulikuwepo umati wa kuhukumu, na umati haudanganyiki kirahisi.

Mfumo huu haukuwa pepo. Hofu ya wachawi ilikuwepo, na mwanamke aliyeshukiwa aliweza kufukuzwa au hata kuuawa. Ninachosema ni kwamba swali la "nguvu imetoka wapi?" lilikuwa na jibu la hadharani, na jibu hilo liliwabana wenye nguvu.

Mlolongo ulianza kukatika mapema. Kuanzia 1926 Waingereza waliwatumia watemi kama watendaji wa serikali: kukusanya kodi, kuamua kesi, kutekeleza amri. Mwaka 1963, baada ya uhuru, utemi ulifutwa kisheria. Waganga walibaki, lakini taasisi iliyokuwa juu yao ikaondoka.

Kisha dhahabu

Dhahabu ya Geita si ya juzi. Wajerumani waliijua, na mgodi mkubwa wa enzi ya Mwingereza ulifanya kazi kuanzia miaka ya 1930 hadi 1966. Lakini wimbi la wachimbaji wadogo lilikuja hasa miaka ya 1980 na 1990, uchumi ulipofunguliwa na serikali kuanza kununua dhahabu yao kwa bei nzuri. Vijana wa pamba na ng'ombe wakahamia kwenye maduara.

Hebu fikiria hali ya duara. Miamba ya ukanda huu ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na dhahabu imo kwenye mishipa myembamba isiyotabirika. Mashimo mawili yanaweza kuwa hatua kumi tu, moja likatajirisha watu na jingine likala mtaji wa mwaka mzima. Mwenye duara hana mashine ya kuona chini. Ana nyundo, kamba, zebaki na deni.

Bronislaw Malinowski aliona jambo kama hili kwenye visiwa vya Trobriand, karibu na Papua, karne moja iliyopita. Wavuvi wa maji tulivu ya ndani hawakutumia uganga. Waliokwenda bahari kuu, kwenye hatari na bahati nasibu, walikuwa na taratibu nyingi za kiganga. Uganga unastawi pale ujuzi unapoishia na hasara inapoanzia. Duara ni bahari kuu ya nchi kavu.

Ndipo mchimbaji akaenda kwa mganga. Lakini tazama kilichobadilika. Mchimbaji ametoka mbali, mganga naye pengine ametoka mbali. Hawana ukoo mmoja, hawana wazee wa kuwaamulia. Kilichobaki kati yao ni pesa. Nguvu haikabidhiwi tena, inanunuliwa. Na kitu cha kununuliwa lazima kiwe kitu: kishikike, kiwe adimu, kiwe na bei.

Katika uganga wa Kisukuma, dawa huongezewa kiungo maalumu kiitwacho shingila, ambacho kazi yake ni kuifungulia dawa njia kwa maana kinayoibeba. Zamani maana hiyo ilifungwa na miiko. Kwenye soko la bahati, miiko ikalegea, na kadiri kitu kilivyokuwa adimu ndivyo mteja alivyoamini zaidi kwamba ndani yake kuna nguvu.

Kuanzia miaka ya 2006 na 2007, watu wenye ualbino walianza kuwindwa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa. Mwaka 2010 watafiti Deborah Bryceson, Jesper Bosse Jønsson na Richard Sherrington waliandika makala inayounganisha mauaji hayo na mahusiano ya wachimbaji na waganga kwenye machimbo. Serikali ilijibu: Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufuta leseni za waganga wa jadi, na Septemba mwaka huohuo mahakama huko Kahama iliwahukumu kifo wanaume watatu kwa kumuua mvulana mwenye ualbino. Watoto wengi walipelekwa kwenye Shule ya Msingi Buhangija, mjini Shinyanga, ili wawe salama, mbali na mama zao.

Wachimbaji wengi hawajawahi kumgusa mtu, na waganga wengi vilevile. Na ualbino wenyewe hauna siri: mtoto amerithi kwa baba na kwa mama vinasaba vinavyopunguza rangi ya ngozi, nywele na macho. Basi. Anachohitaji ni kofia, mafuta ya kukinga jua na miwani.

Kwa nini historia ni muhimu hapa

Habari za mauaji zilipoandikwa, wengi walisema "ni mila za Wasukuma". Nadhani kauli hiyo ina madhara mawili. Inawasingizia wazee wetu, na inatufanya tuamini kwamba jambo hili ni la kale, halibadiliki. Ukilitazama kwa tarehe zake, unaona limezaliwa kwenye soko ambalo wengi wetu tumelishuhudia likikua. Lililoanza juzi linaweza kukoma.

Mwaka jana nilimrudia mzee wa tatu, yule wa masamva. Nikamuuliza kama Mwanamalundi angeweza kununua nguvu zake. Akacheka sana. "Mwanangu," akasema, "angenunua, zingekuwa za aliyemuuzia."