Gesi ya kiyoyozi: mashine huvuka mpaka, gesi yake hukwama

Kiyoyozi kinachofungwa mwaka huu katika hoteli, benki au ghala la dawa kinatarajiwa kufanya kazi miaka 15 hivi kikitunzwa. Ndani ya miaka hiyo, kiasi cha gesi ambacho nchi inaruhusiwa kuingiza kwa ajili ya kukijaza kitapunguzwa zaidi ya mara moja. Wanunuzi wengi huuliza bei, ukubwa na ulaji wa umeme. Swali la gesi huja siku fundi anapotoa taarifa kuwa mtungi haupatikani, au upo kwa bei isiyosemeka.

Utaratibu huu unatokana na Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987, iliyowekwa kulinda tabaka la ozoni. Gesi ya R-12 ndiyo iliyotangulia kuondoka. Nchi zinazoendelea zilitakiwa kuacha kuingiza gesi za kundi lake ifikapo 2010. Ikafuata R-22, ambayo bado imo katika viyoyozi vingi vya zamani. Kwa nchi hizo, matumizi ya R-22 na jamii yake yalisimamishwa yasiongezeke mwaka 2013, yakakatwa asilimia 10 mwaka 2015, asilimia 35 mwaka 2020 na asilimia 67.5 mwaka 2025. Kwa maneno mengine, kinachoruhusiwa sasa ni chini kidogo ya theluthi moja ya kiwango cha awali. Mwaka 2030 punguzo litafika asilimia 97.5, na kitakachobaki ni cha kuhudumia mashine zilizopo, hadi mwaka 2040.

Gesi zilizochukua nafasi, yaani R-134a, R-404A na R-410A, haziharibu ozoni lakini huongeza joto la dunia. Hizo zilishughulikiwa Kigali tarehe 15 Oktoba 2016, na marekebisho yaliyopitishwa huko yakaanza kutumika 1 Januari 2019. Rwanda iliridhia mwaka 2017 na Uganda mwaka 2018. Tanzania na Kenya nazo zimejiunga. Nchi hizi ziko katika kundi ambalo matumizi yake yalisimamishwa mwaka 2024. Punguzo la kwanza, asilimia 10, ni la mwaka 2029. Yatafuata ya asilimia 30 mwaka 2035, 50 mwaka 2040 na 80 mwaka 2045.

Wanaonunua mali Dubai wana jambo la ziada la kuangalia. Nchi za Ghuba, pamoja na India na Pakistani, zilipewa ratiba ya polepole zaidi: kusimamisha mwaka 2028 na kuanza kupunguza mwaka 2032. Mashine inayouzwa kihalali na kwa wingi Deira inaweza kuwa na gesi ambayo Kampala au Arusha itakuwa imeanza kuadimika.

Hesabu ya mgawo

Mgawo wa gesi hizi mpya hauhesabiwi kwa kilo peke yake. Kila gesi ina kipimo kinacholinganisha nguvu yake ya kuongeza joto na ile ya hewa ya ukaa. R-404A ina 3,922, R-410A 2,088, R-134a 1,430 na R-32 ina 675. Propeni, inayoitwa R-290 katika biashara hii, haifiki hata 5. Kwa hiyo kilo 10 za R-410A zinakula karibu tani 21 za mgawo wa nchi, wakati kilo 10 za R-32 zinakula chini ya tani 7. Kwa mgawo uleule, nchi inaweza kuingiza kilo mara tatu zaidi za R-32. Mgawo ukibana, ni rahisi kuona ni mtungi upi utakaopanda bei mapema.

Hapo ndipo ulipo mtego. Itifaki huhesabu gesi inayoingia kwenye mitungi. Gesi iliyokwisha kujazwa kiwandani ndani ya kiyoyozi haiingii katika hesabu ya nchi inayokipokea. Mfanyabiashara anaweza kuleta kontena zima la mashine za R-410A bila kugusa mgawo, na zikauzika vizuri. Miaka 6 baadaye mashine zilezile zinapovuja, kila kilo ya kuzijaza lazima itoke kwenye mgawo uliopungua. Aliyeuza ameshapata faida yake. Mwenye hoteli ndiye anayebaki na deni.

Msukumo wa kuleta mashine hizo nao ni mkubwa. Tangu 1 Januari 2025 Marekani imezuia kutengeneza na kuingiza viyoyozi vipya vya nyumba na biashara ndogo vyenye gesi ya kipimo kinachozidi 700, yaani R-410A imo. Umoja wa Ulaya, kuanzia 12 Machi 2025, umepiga marufuku kupeleka nje baadhi ya majokofu na viyoyozi vya majengo vinavyotegemea gesi za kipimo cha 1,000 au zaidi. Mali iliyokosa soko hutafuta soko, na bei nafuu ya ghafla inafaa kutazamwa kwa jicho hilo. Mwenye kuleta viyoyozi vilivyotumika kutoka Ulaya ajue kwamba kontena linaweza kuzuiwa hukohuko linakotoka.

Barabarani na forodhani

Ankara inayosema "gesi ya friji" bila zaidi haifai kitu. Katika toleo la 2022 la namba za forodha, R-22 ni 2903.71, R-32 ni 2903.42 na R-134a ni 2903.45, wakati michanganyiko kama R-410A na R-404A imo katika 38.27. Kibali cha kuingiza huombwa kabla mzigo haujapakiwa, na kila nchi mwanachama wa itifaki ina kitengo cha ozoni kwenye mamlaka au wizara ya mazingira kinachohusika na vibali hivyo. Vitengo hivyo vina mpango wa kuulizana kabla mzigo haujatoka, kwa hiyo kibali cha kughushi si rahisi kupita kama zamani. Kwa shehena inayopita kwenda nchi ya tatu, wakala aombe nakala ya kibali cha nchi inakokwenda kabla gari halijaondoka bandarini.

Dereva naye ana lake. R-22 (UN 1018), R-134a (UN 3159) na R-410A (UN 3163) husafirishwa kama gesi zisizowaka, daraja la 2.2, kibandiko cha kijani. R-32 (UN 3252) na R-290 (UN 1978) ni daraja la 2.1, kibandiko chekundu, gesi zinazowaka. Msafirishaji aliyezoea kubeba R-410A akipewa R-32 kwa maelezo kwamba "ni gesi ileile mpya" amebadilishiwa mzigo, na bima yake inaweza kumkana.

Gesi bandia ni hatari kuliko kukamatwa. Mwaka 2011 makontena ya baridi yalilipuka Vietnam na Brazil na kuua mafundi. Uchunguzi ulielekea kwenye R-134a iliyochanganywa na kloridi ya metili, ambayo hula aluminiamu ya kompresa na kutengeneza kitu kinachowaka kikigusana na hewa. Kipimo cha presha husaidia kiasi: katika nyuzi 30, mtungi wa R-134a husoma kama bar 6.7, R-22 kama bar 11 na R-410A karibu bar 18. Lakini kloridi ya metili ina presha inayokaribiana na ya R-134a, na R-32 inakaribiana na R-410A. Kifaa cha kutambua gesi ndicho cha kuaminika. Mtungi wa kutumika mara moja wenye dalili za kujazwa tena usipokelewe, hata kama lebo yake inang'aa.

Mashine zilizokwisha kufungwa

Si lazima kung'oa kila kitu. Kwanza ni kusoma kibati kilichobandikwa kwenye kitengo cha nje na kuandika aina ya gesi, kilo zake na mwaka wa kufungwa. Kiyoyozi kidogo cha ukutani hubeba kama kilo moja. Mfumo wa pamoja wa jengo la ghorofa unaweza kuwa na makumi ya kilo, na huo ndio wa kupangiwa bajeti mapema. Mashine ya R-22 inayojazwa kila mwaka inavuja. Kuziba tundu na kulijaribu kwa naitrojeni ni nafuu kuliko mitungi miwili mfululizo.

Kubadilisha gesi ndani ya mashine ileile ndiko kunakoharibu nyingi. R-410A ina presha ya karibu mara 1.6 ya R-22 na hutumia mafuta mengine. Mabomba na kompresa ya R-22 havikutengenezwa kuibeba. R-32 haiwekwi kwenye mashine ya R-410A kwa sababu tu presha zinafanana, kwani inawaka. Propeni katika mashine ya zamani ya R-22 hupoza vizuri sana, na ndiyo maana mafundi wa mitaani huipenda. Lakini swichi na nyaya za mashine hiyo hazikuwekwa kwa gesi inayoshika moto kwa cheche.

Anayenunua upya kwa chumba cha kawaida atapata R-32 kwa urahisi, mradi ukubwa wa chumba unalingana na kilo za gesi kama kitabu cha mashine kinavyoagiza. Kwa jengo kubwa uamuzi ni mgumu zaidi, maana mifumo mingi ya pamoja bado ni ya R-410A. Mnunuzi anayelazimika kuichukua aandike kwenye mkataba kwamba muuzaji atatoa gesi ya matengenezo kwa miaka kadhaa kwa bei iliyokubaliwa, na kwamba fundi akifungua mashine ataivuta gesi kwenye mtungi badala ya kuiachia hewani. Gesi hiyo, ikisafishwa, hurudishwa kwenye mashine bila kibali cha kuingiza.