Hati ya Msowero, Brashi ya Mikumi

Anayetaka kuandaa maonesho ya mwandiko wilayani Kilosa atakutana na neno hati kabla ya jingine lolote, na Kilosa neno hilo ni zito. Novemba 1884 Mjerumani Karl Peters alifika Msowero, ambayo leo ni kata ya wilaya hii, akaondoka na karatasi iliyodai kwamba Mangungo wa Msowero, katika nchi ya Usagara, amemkabidhi ardhi yake. Tarehe 27 Februari 1885 Kaizari wa Ujerumani akatoa hati ya ulinzi iliyoitaja Usagara pamoja na Nguru, Uzigua na Ukami. Kila mtoto wa Kitanzania hukutana na habari hii darasani, na mpaka leo mkataba mbovu huitwa mkataba wa Mangungo. Sijawahi kuipenda lawama hiyo. Mtu aliwekewa mbele yake lugha asiyoijua, kwa herufi asizozisoma; jina lake limebaki kuwa dhihaka, na la aliyeishika kalamu halitajwi sana vijiweni.

Basi hati Kilosa imeanza kama kitu kinachochukua nchi. Lakini asili ya neno lenyewe ni ya upole zaidi. Kwa Kiarabu khatt ni mstari, ni mchirizo wa kalamu, kisha ni mwandiko wenyewe. Kiswahili kililipokea likiwa na maana hiyo ya mkono wa mtu, na walimu wa shule za msingi hawajaiacha: bado humhimiza mtoto aandike kwa hati nadhifu. Ofisi ndizo zilizolipeleka mbali. Tuna hati ya kusafiria, hati ya mashtaka, hatimiliki ya shamba, na kila mwaka halmashauri zetu hungoja kwa wasiwasi kama Mkaguzi Mkuu atazipa hati safi. Neno lililokuwa la mchirizo wa wino sasa linapima matumizi ya fedha za umma.

Kwa sababu hiyo napendekeza tuyatenganishe matumizi haya mawili, la ofisi na la sanaa. Hati na ibaki ofisini na darasani ilikokwishazoeleka. Kwa sanaa ya herufi za Kiarabu turudishe ile sauti ya kooni, tuseme khati, kama wasemavyo watu wengi wa mwambao. Si kujionyesha. Sanaa yenyewe ni ya kwetu kwa muda mrefu kuliko karibu kila kitu tulichokiandika. Katika msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, kibla kina maandishi ya Kikufi yaliyochongwa yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Siyu, katika kisiwa cha Pate, palikuwa na wanakili wa misahafu waliotumia wino mweusi na mwekundu na kuzipamba kurasa kwa namna ambayo mjuzi huitambua mara moja. Milango ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa Unguja mwaka 1883, imechongwa aya. Mwaka 2021 UNESCO ilipoiingiza khati ya Kiarabu katika orodha ya urithi wa binadamu, nchi 16 ziliiomba kwa pamoja, Oman ikiwemo. Tanzania na Kenya hazimo, na hilo linaniuma.

Bara nako khati ilifika. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilipita Usagara, na pamoja na vitambaa na shanga zilikuja mbao za chuoni. Mtoto aliyekaa mbele ya ubao huo alijifunza alifu na nukta, na nukta ndiyo neno ninalotaka wapenzi wa herufi walishike kwa mikono miwili. Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 940, anatajwa kuwa ndiye aliyeziwekea herufi za Kiarabu vipimo, na kipimo chake kilikuwa nukta: kalamu ya ncha pana ikigusa karatasi mara moja huacha alama ya pembe nne, na urefu wa alifu huhesabiwa kwa alama hizo. Kwa hiyo Mswahili akifundishwa uwiano wa herufi hahitaji kuazima kipimo. Anacho tangu chuoni, isipokuwa aliambiwa ni kitone cha kutofautisha be na te.

Kuna pia kombe. Mwalimu huchukua sahani nyeupe, huandika aya kwa wino wa zafarani, huosha maandishi kwa maji au marashi, na mgonjwa huyanywa. Nimesoma maelezo mengi ya sanaa ya mwandiko yanayosifu herufi zinazodumu karne na karne, kwa ngozi, kwa jiwe, kwa mbao. Kombe halikai hata saa moja, na bado mwandishi wake huandika kwa uangalifu uleule. Kiswahili husema kuandika kombe na kunywa kombe, chombo na maandishi vikiwa jina moja. Maonesho yatakayosahau kombe kwa sababu haliwezi kutundikwa ukutani yatakuwa yamesahau jambo kubwa.

Sasa tuje kwenye herufi za Kilatini, maana Kilosa ya leo, pamoja na mji wake wa Mikumi, imeandikwa kwa hizo. Hapa neno letu ni mwandiko, na nalitetea dhidi ya kaligrafia. Kaligrafia haina kosa. Wasomi wanaelewana nayo. Ila mwandiko umetoka kwa andika kama mshono ulivyotoka kwa shona na mwendo kwa enda. Ni jina la namna, la jinsi mkono unavyofanya, si la kitu kilichokwisha fanyika. Kilichokwisha fanyika ni maandishi. Cha kidini ni maandiko. Kazi ya mtunzi ni uandishi. Shina moja limezaa watoto wote hawa na kila mmoja anajua kazi yake. Mtu akisema sanaa ya mwandiko, hahitaji kuongeza mzuri. Mwandiko mzuri ni sifa anayopewa mwanafunzi wa darasa la tatu. Sanaa ya mwandiko inaweza kuwa ya ukali, ya haraka, hata ya kutisha, na bado ikawa sanaa.

Andika lenyewe lina umri mkubwa kuliko kalamu zetu. Wazee waliandika meza, maana yake walipanga vyombo juu yake. Kuandika ni kuweka vitu mahali pake kwa mpango, na mtu aliajiriwa kwa kuandikwa kazi. Maana hii ya mwisho Kilosa iliishi kwa uchungu. Mashamba ya mkonge ya Kimamba na Rudewa yalikusanya vibarua kutoka mbali, wakapewa kipande cha kuhesabia siku za kazi, na kwa kuwa kila mmoja alijulikana kwa namba yake, wakaitwa manamba. Karani aliandika, kibarua aliandikwa. Katika wilaya hii, basi, kitenzi hiki kilizoeleka sana katika kauli ya kutendwa, na sioni jambo linalofaa zaidi kwa wajukuu wa manamba kuliko kukirudisha katika kauli ya kutenda, kwa ajili ya furaha tu ya kutazama herufi ikitoka chini ya mkono.

Mikumi iko kando ya barabara kuu iendayo Iringa, Mbeya na mpaka wa Zambia. Barabara hiyo hupita kiasi cha kilomita 50 ndani ya hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 1964, kisha inaingia mjini, na msafiri aliyetoka kutazama pundamilia anapokewa na herufi. Gesti, gereji, panchari, nyama choma, duka la dawa. Nyingi sasa zimechapwa kwa mashine juu ya turubai la plastiki, na watu wa stika wamechukua kazi nyingi za brashi. Lakini popote fundi wa brashi anapobaki, mtazame anavyoanza: anapiga mistari miwili kwa penseli, juu na chini, anahesabu herufi, anaacha nafasi, kisha anachora umbo kabla ya kulijaza rangi. Akikosea, anafuta kwa tambara lenye tina.

Na hapo ndipo istilahi inapokuwa tamu. Mteja humwambia fundi, "Niandikie kibao." Fundi mwenyewe anaitwa mchoraji. Kibao kikikamilika, mteja humwambia jirani kwamba amechorewa. Vitenzi viwili kwa kazi moja, na si uzembe wa lugha. Chora kwa Kiswahili cha zamani kilikuwa kitenzi cha mtu mwenye patasi, cha kutia mikato juu ya mti au jiwe, kabla hakijahamia kwenye penseli. Kinabeba ndani yake wazo la umbo linalojengwa polepole. Andika kinabeba wazo la mkono unaopita mara moja. Mabingwa wa fani hii duniani hutofautisha vivyo hivyo: kuna herufi inayozaliwa kwa mpito mmoja wa kalamu, na kuna herufi inayojengwa, kusahihishwa na kujazwa. Edward Johnston, Mwingereza ambaye kitabu chake cha mwaka 1906 kiliamsha upya sanaa hii katika nchi yake, alizifanya zote mbili: alifundisha kwa kalamu ya ncha pana inayotoa unene na wembamba yenyewe, kisha akasanifu herufi za reli ya chini ya ardhi ya London, zilizoanza kutumika mwaka 1916.

Kwa hiyo ya kwanza iitwe mwandiko. Kwa ya pili, wengi watasema uchoraji wa herufi, nami sipingi. Ila walimu wetu wa madarasa ya mwanzo wana neno zuri zaidi. Katika somo la kuandika, sehemu ya zile KKK za kusoma, kuandika na kuhesabu, wao husema kuumba herufi. Mtoto huumba a hewani kwa kidole, huiumba mchangani, ndipo huiumba kwenye daftari. Uumbaji wa herufi! Fundi wa kibao cha gereji akiitwa muumba herufi atashtuka kidogo, kwa sababu Muumba kwa watu wetu ni Mmoja. Basi jina la mtu na libaki mchoraji, na jina la tendo liwe kuumba. Lugha inaruhusu.

Chapa tuiweke mbali kabisa na mambo haya. Neno hili limetoka Bara Hindi, na linafaa pale umbo linapokuwa limekwisha tengenezwa na kazi iliyobaki ni kuligandamiza. Hivyo ndivyo kitabu kinavyopigwa chapa, na ndivyo ng'ombe wa wafugaji wa Kilosa walivyopigwa chapa kwa chuma cha moto serikali ilipoendesha zoezi hilo nchi nzima mwaka 2017. Vijana wa Dar es Salaam wanaoandika kutani kwa rangi ya kupuliza wana chata, neno lililokuwa la alama ya kiwanda na sasa ni la jina la msanii. Nalipenda. Lina ujasiri ambao mwandiko hauna.

Kuhusu jina la shughuli zenyewe sitakaa sana. Maonesho, au maonyesho kwa wanaoshikilia onyesha, kwa mtu wa mkoa wa Morogoro ni Nane Nane katika viwanja vya Mwalimu Nyerere: matrekta, mbegu, vumbi la Agosti. Herufi zinaweza kuazima jina hilo bila hasara. Mpenzi ni bora kuliko shabiki, ambaye ni wa Simba na Yanga, na bora mara mia kuliko mraibu, neno ambalo dawa za kulevya zimeliharibu. Warsha ndiyo inayonisumbua. Limekuwa neno la ukumbi, la makabrasha na posho, wakati kinachohitajika ni meza zenye madoa. Karakana ni neno la mahali pa ufundi, na watu waliokua kando ya Reli ya Kati wanalijua kwa chuma na mafuta. Karakana ya herufi, basi. Watu waje na wembe, wachonge kalamu kwa matete ya kando ya mto. Na Kiswahili, kwa bahati njema, kinatumia kitenzi hichohicho cha kuchonga kwa kalamu, kwa mlango na kwa aya iliyo juu ya mlango.

Ndani ya karakana hiyo kazi iliyobaki ni kuzitaja sehemu za herufi, na hapa nashauri BAKITA, ambayo tangu mwaka 1967 imekuwa mlezi wa istilahi zetu, iende kwanza kwa mwalimu wa darasa la kwanza na kwa mchoraji wa Mikumi kabla ya kwenda kwenye kamusi za wageni. Herufi ya Kiswahili ina mwili. Kijiti cha b kiko wima na tumbo lake linaangalia mbele. D ina tumbo nyuma. G na y zina mkia. M ina miguu mitatu. Mgongo, shingo, kichwa, vyote vinapatikana. Panapopungua ni kwenye ule mkia unaoachwa uende mbali kuliko inavyohitajika, ukajikunja na kurudi kwa raha yake. Wengine wangesema nakshi, lakini nakshi hupangwa kandokando ya herufi, nayo inaweza kuondolewa herufi ikabaki nzima. Ule mkia ni herufi yenyewe ikijiachia. Mimi ningeuita mbwembwe, na ningependa kusikia mchoraji wa vibao akibisha.