Kulala Treni kwa Nauli Ndogo

Treni zilipoanza kukesha njiani, usingizi ulikuwa wa mwenye fedha. Marekani, kampuni ya George Pullman, iliyoanzishwa mwaka 1867, ilitengeneza mabehewa yenye mapazia, mazulia na wahudumu, wengi wao Weusi waliotoka utumwani. Asiye na fedha aliketi hadi kulipokucha. Alipopata naye pa kujinyoosha, mara nyingi ni kwa sababu reli ilikuwa inamhitaji.

Miaka ya 1880 Kanada ilitafuta wakulima wa kujaza nyanda za magharibi. Canadian Pacific ikaleta mabehewa ya walowezi: viti vya mbao vilivutwa vikakutana vikawa kitanda, na kitanda cha pili kilishushwa kutoka darini. Jiko lilikuwa mwisho wa behewa. Matandiko kila mtu alijitafutia.

Uingereza ilichelewa. Wa daraja la kwanza walilala tangu 1873, wa daraja la tatu wakangoja miaka 55. Mwaka 1928 nao walipata vyumba vya vitanda vinne, kila mmoja na mto na blanketi lake.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, ndege na magari yalizipokonya reli za Marekani abiria wake. Mwaka 1956 kiwanda cha Budd kikatoa Slumbercoach, behewa la watu 40: vyumba 24 vya mtu mmoja na vinane vya wawili. Vyumba vya mtu mmoja vilipangwa kimoja chini, kingine juu kidogo, ili vitanda vipishane na nafasi isipotee. Abiria alilipa nauli ya kawaida na nyongeza ndogo.

India iliongozwa na utu. Daraja la tatu lilifutwa mwaka 1974, lakini mamilioni waliendelea kulala juu ya mbao tupu. Madhu Dandavate, aliyekuwa Waziri wa Reli kuanzia 1977, akaagiza mbao hizo ziwekwe sponji ya inchi mbili. Hakuna mshindani wa kibiashara aliyemlazimisha. Aliamini tu kwamba maskini naye ana mgongo.

Kwetu, TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia iliyojengwa kwa msaada wa China na kukabidhiwa mwaka 1976, ilifungua kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi ikiwa na daraja la pili la kulala, vitanda sita chumbani. Kati ya Mombasa na Nairobi, daraja la pili la treni ya zamani lilikuwa na vitanda. Treni ya reli ya kisasa (SGR) iliyoanza huko mwaka 2017 ina viti tu, hata inayoondoka usiku.

Safari hiyo ya takriban saa tano inavumilika kwa kukaa. Lakini reli mpya ya Tanzania inajengwa kuelekea Mwanza, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam. Popote treni itakapokesha, kitanda cha mwananchi wa kawaida kiwemo kwenye mchoro tangu mwanzo, kwa nauli anayoimudu. Inchi mbili za Dandavate zilionyesha kuwa heshima ya msafiri haihitaji mazulia. Inahitaji mtu mwenye mamlaka aliyeamua kumjali.