Hesabu za Entebbe na Sisi wa Galula



Tulipokuwa Galula, wengi tuliuliza: seti, uhusiano na uthibitisho vimetoka wapi, na vina faida gani? Mwaka 1962 walimu na wanahisabati kutoka Afrika, Uingereza na Marekani walikutana Entebbe, Uganda, wakaanza kuandika vitabu vya "hesabu za kisasa". Nia yao ilikuwa mwanafunzi aelewe sababu, asikariri kanuni tu. Ubishi haukukawia: wazazi walilalamika kuwa watoto hawajui kuzidisha. Mwaka 1981 Kenya iliziondoa hesabu hizo shuleni. Kwetu Tanzania, seti na uhusiano vilibaki katika masomo ya sekondari, vikatufikia.

Mimi naona pande zote mbili zilikuwa na haki. Tukikutana wanafunzi wa zamani 20, kila mmoja akampa mkono kila mwenzake mara moja, tutapeana mikono mara ngapi? Kila mtu ana wenzake 19. 20 mara 19 ni 380. Lakini nikikupa mkono, nawe umenipa: uhusiano huo ni wa pande mbili, na kila tendo limehesabiwa mara mbili. Jibu ni 190. Asiyejua kuzidisha hafiki 380. Asiyejua sababu huishia hapo hapo.

Katika utumishi wa serikali, orodha inayomhesabu mtu mmoja mara mbili ni fedha ya umma iliyopotea. Vijana, shikeni yote mawili.