Barua Pepe za Dublin

Desemba 2013, hakimu wa New York, James Francis, alitia saini hati ya upekuzi akiitaka Microsoft itoe barua pepe za mteja wake mmoja. Polisi walikuwa wakifuatilia biashara ya unga. Kampuni ilitoa kumbukumbu za akaunti zilizokuwa Marekani, lakini barua zenyewe ikazikatalia: ziko Dublin, ilisema, na hati ya New York haivuki bahari.

Zilifikaje Dublin? Hapo ndipo penye utamu. Anayefungua akaunti aliulizwa anaishi nchi gani, akajaza mwenyewe, wala hakuna aliyehakiki. Akitaja nchi iliyo karibu na Ireland, mtambo ulizihamishia huko barua zake na kuzifuta za Marekani. Ina maana mtu angeweza kukaa Brooklyn, akaandika Ireland, na barua zake zikawa na uraia mwingine. Serikali iliishikilia hoja hiyo, ikaongeza kwamba mfanyakazi wa Microsoft angezivuta barua hizo akiwa kwenye kiti chake Marekani, bila kupanda ndege.

Sheria iliyobishaniwa, ambayo hati hiyo iliegemea, ilitungwa 1986, enzi ambazo mtu wa kawaida hakuwa na intaneti nyumbani. Mwaka 2014 Jaji Loretta Preska aliipa serikali ushindi. Julai 2016 Mahakama ya Rufani ikaupindua. Serikali ikaomba majaji wote wa rufani waisikilize upya. Januari 2017 wakagawanyika nne kwa nne, ombi likaanguka.

Njia ya kiungwana ilikuwepo. Nchi hizo mbili zina mkataba wa kusaidiana katika kesi za jinai, na Ireland iliiandikia mahakama kuwa iko tayari kulishughulikia ombi haraka. Marekani haikutaka kupiga hodi.

Ikaipeleka kesi Mahakama ya Juu, ambayo Februari 27, 2018 ikasikiliza hoja. Kabla haijaamua, Bunge lilipachika sheria mpya, CLOUD Act, ndani ya muswada wa matumizi ya serikali wenye kurasa zaidi ya 2,000. Rais Trump akausaini Machi 23. Sheria kubwa kama hiyo ilistahili mjadala wake yenyewe. Microsoft, ajabu, iliiunga mkono.

Aprili 17 kesi ikafutwa, kwa kuwa hati mpya ilikwisha kutolewa chini ya sheria hiyo. Sasa kampuni iliyo chini ya mamlaka ya Marekani ikipewa hati halali hutakiwa kutoa data iliyo mikononi mwake, kompyuta iwe Dublin au Johannesburg. Na akaunti nyingi za barua pepe tunazotumia Dar es Salaam na Mombasa ni za kampuni hizo.