Mtumishi wa umma: ujuzi peke yake hautoshi

Wasikilizaji wetu mnatupigia simu studio mkieleza jambo lile lile: umeacha shamba, umelipa bodaboda kushuka mlimani kufuata barua ya utambulisho, umefika ofisini ukaambiwa "njoo kesho". Huyo aliyekujibu huenda amesoma, tena kazi anaijua. Kilichokosekana ni nini?

Jibu moja lipo katika historia ya hapa hapa Uluguru.

Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuhifadhi ardhi katika milima yetu. Mabwana shamba walikuwa na hoja ya kweli, kwani mvua ilikuwa ikisomba udongo. Lakini dawa waliyoichagua, yaani matuta, ilikuwa ya lazima. Watu walitakiwa kuacha shughuli zao wakachimbe, na aliyekataa aliadhibiwa. Sehemu nyingi uchimbaji ulifunua udongo wa chini usio na rutuba, mahindi yakadumaa. Wakulima walilisema hilo, hawakusikilizwa. Mwaka 1955 ghasia zikazuka Matombo, mtu mmoja akapoteza maisha, na mpango ukaachwa. Utaalamu ulikuwepo, ila sikio halikuwepo.

Katika miaka hiyo hiyo, mwaka 1953, ilianzishwa shule ya serikali za mitaa pale Mzumbe, kando ya barabara ya Iringa. Mwaka 1972 ikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, ambacho wazee wengi bado wanakiita IDM, na mwaka 2001 ikawa Chuo Kikuu Mzumbe. Watumishi wengi wa nchi hii wamepita hapo.

Je, baada ya chuo nani anampima mtumishi?

Mwaka 2004 serikali ilianza kutumia OPRAS, mfumo ambao mtumishi na mkuu wake wa kazi walikubaliana malengo ya mwaka kwa kujaza fomu, kisha wakayapitia pamoja. Hivi karibuni nafasi yake imechukuliwa na PEPMIS, ambapo kazi na utekelezaji wake huingizwa kwenye kompyuta. Mfumo unaweza kuonyesha kazi zilizokamilika. Hauwezi kuonyesha kama mama aliyetembea kutoka Tegetero alipewa kiti, au kama alieleweshwa kwa nini barua yake imechelewa.

Hilo linaangukia kwenye maadili. Kanuni za maadili ya utumishi wa umma zinamtaka mtumishi atoe huduma bora, afanye kazi kwa bidii na uadilifu, asipendelee mtu na awajibike kwa umma. Kwa hiyo lugha nzuri ofisini ni sehemu ya kazi, siyo hisani.

Wewe mwananchi ufanye nini?

Kwanza, tofautisha viongozi wako. Mwenyekiti wa kijiji mnamchagua kwa kura. Mtendaji wa kijiji ni mwajiriwa wa halmashauri, naye ndiye katibu wa vikao vya kijiji.

Pili, hudhuria mkutano mkuu wa kijiji. Unatakiwa kufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu, na kila mkazi mwenye miaka 18 au zaidi ana haki ya kushiriki. Hapo ndipo pa kuuliza mapato na matumizi, na pa kusema huduma ikoje.

Tatu, ukikwama kwa mtendaji wa kijiji, nenda kwa mtendaji wa kata, kisha kwa mkurugenzi wa halmashauri. Andika tarehe uliyofika na jibu ulilopewa. Ukiombwa rushwa, piga simu TAKUKURU namba 113, ni bure.

Na mtumishi akikuhudumia vizuri, lisemeni hilo pia mkutanoni. Anayefanya kazi vizuri naye anastahili kusikika.